Mzee Kwenye Chumba cha Mitambo

Jumamosi, saa kumi kasorobo, Bibi alifuta kioo cha televisheni kwa kitambaa kibichi, akakikamua nje ya dirisha, akakitandaza ukingoni kikauke. Kisha akapanga viti. Kiti chenye mto kilikuwa chake. Kigoda cha plastiki kilikuwa cha Fundi, jirani wa mlango wa pili, ambaye alitengeneza redio na pasi na, zikimfikia, televisheni. Kochi lilikuwa la mwanawe na mkamwana wake. Mwanawe huyo alikuwa wa mwisho kati ya watano, na kwa hiyo watu wote, hata kazini, walimwita Kitinda.

Kiti cha mbao hakikuwa na mtu. Kilikuwa cha Mzee, mume wa Bibi, aliyefariki mwaka wa tatu sasa. Hakikuondolewa kwa sababu mguu wake mmoja ulikandamiza kigae kilichobanduka.

Sakafu yote ilikuwa ya vigae vilivyomeguka pembe. Mzee alikata vigae kiwandani miaka ishirini na sita, na siku ya kuagwa kazini alipewa mkono na maboksi kumi na moja ya vigae ambavyo duka lolote lingevikataa. Alivipanga mwenyewe, akipumzika kila baada ya safu mbili ili apate pumzi.

Saa kumi kamili tamthilia ilianza. Iliitwa *Mbali na Jua*, na ilihusu chombo kikubwa kilichokuwa safarini kuelekea nyota fulani. Ndani yake mlikuwa na watu mia nne, ingawa waliozungumza walikuwa saba tu. Ilikuwa imetiwa sauti za Kiswahili, na Bibi alikuwa na hakika kwamba watia sauti hawakuzidi watatu.

"Nahodha na mashine ya kupikia wana sauti moja," alisema. "Siku nyingine simjui anayetoa amri na anayetoa chai."

Bibi hakuwa mtu wa kutazama kimya. Alikuwa na maoni, na aliyatoa palepale, kwa upole, kama mtu anayemrekebishia mwenzake kola. Kwa kuwa alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini, jambo la kwanza alilolikagua katika filamu yoyote lilikuwa nguo.

"Watu mia nne, wote wamevaa nyeupe," alisema, "na sijaona hata kamba moja ya kuanikia."

"Bibi, miaka hiyo nguo zitakuwa zinajisafisha zenyewe," Fundi alisema.

"Nani kakwambia?"

"Sayansi hiyo."

"Sayansi ya mtu ambaye hajawahi kufua."

Milango inayojifungua yenyewe aliipenda, kwa sababu mtu aliyebeba mzigo hana mkono wa kushika kitasa. Roboti aliipenda zaidi. Ilikuwa ya bati, imebonyea begani, na ndiyo pekee iliyowauliza wenzake wameamkaje. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulisamehe. Kila Jumamosi, kabla hata Fundi hajamaliza kikombe chake, mfanyakazi mmoja wa chini alikufa, nahodha akameza chozi, na wakaendelea.

"Huyu naye alikuwa na kwao," Bibi alisema kila mara. "Wangetaja hata kijiji."

"Wakitaja wote, Bibi, chombo hakitafika."

"Basi kisifike. Kwani kinakwenda kumzika nani?"

Jumamosi hiyo, kwa mara ya kwanza, tamthilia ilionyesha chumba cha mitambo. Kilikuwa chini kabisa ya chombo. Vumbi la angani lilikuwa limeziba mabomba, na wafanyakazi walikuwa wamepangwa mstari, wakiyasugua kwa brashi za waya. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Mzee.

Bibi alimjua kabla hajageuza uso. Mdomoni na puani alikuwa amefunga kitambaa chenye maua ya manjano, na kitambaa hicho Bibi alikikata mwenyewe kutoka kwenye pazia la chumbani, akakishona mara mbili ili vumbi lisipenye.

"Baba yule," Kitinda alisema.

"Ndiye," Bibi alisema.

"Amekonda," mkamwana alisema.

"Na wanasema kamera hunenepesha," Fundi alisema.

"Basi amekonda kweli."

Nahodha alipita nyuma ya wafanyakazi akizungumza juu ya mustakabali wa binadamu. Mzee alikohoa mara mbili, akaendelea kusugua. Walitazama mpaka mwisho, na matangazo yalipoanza mkamwana akakusanya vikombe.

Chini ya kioo, juu ya meza, kulikuwa na mstari mwembamba wa vumbi jeupe. Bibi alilishika kwa vidole viwili akalisugua. Alilijua. Alilikung'uta kwenye mashati ya Mzee kila jioni kwa miaka ishirini na sita. Fundi alifungua mgongo wa televisheni akakuta vumbi lililojaa kikombe, lakini hakuona kilichoharibika. Bibi aliona kwamba alitandika gazeti kwanza asimchafulie sakafu, na kwamba vumbi lile hakulitupa. Alilifunga kwenye gazeti akamkabidhi kwa mikono miwili.

Kiwandani barakoa zilikuwepo. Zilikuwa arobaini, za mpira, zenye vichujio viwili kila moja, na zilikaa kabatini, ofisini kwa Msimamizi. Siku mkaguzi alipokuja, kabati lilifunguliwa na kila mtu akavaa. Mkaguzi alipoondoka, Msimamizi alipita na boksi akizikusanya. Wafanyakazi waliziita vyombo vya wageni.

Sheria ilisema kwamba kiwanda ambacho mtu wake amekufa kwa vumbi lazima kiwavalishe wengine barakoa kila siku, kutwa nzima. Kiwandani hapo hakuna aliyewahi kufa kwa vumbi. Cheti cha kifo cha Mzee, kwa maandishi ya daktari wa kiwanda, kilisema sigara. Mzee hakuwahi kushika sigara maishani mwake. Hata moshi wa mkaa ulimtoa machozi. Lakini wote waliomtangulia kutoka idara ya kukata walikufa kwa sigara, akiwemo mama mmoja mfagiaji aliyekuwa akiwafukuza wavutaji kwa ufagio.

Mwaka uliopita Kitinda aliwekwa kwenye mashine ileile ya baba yake. Miezi miwili sasa alikuwa akikohoa. Alikohoa asubuhi tu, akivaa viatu, na akifika mlangoni kikohozi kikawa kimekwisha. Bibi alikuwa na haja moja duniani: kabati lile lifunguliwe kabla kikohozi cha mwanawe hakijahamia jioni. Kwa Mzee kilianza asubuhi, kikahamia jioni, kisha hakikuhama tena.

Wiki zilizofuata Mzee alionekana kila Jumamosi. Hakupewa maneno. Alisugua mabomba nyuma ya waliozungumza, na mara nyingine ni bega lake tu lililoonekana. Bibi aliacha kumtazama nahodha kabisa. Siku moja aliona kitambaa cha Mzee kimechanika ukingoni. Alitoa sandukuni mabaki ya lile pazia, akakata kipande, akakishona mara mbili, akakipiga pasi na kukiweka kimekunjwa juu ya televisheni. Asubuhi hakikuwepo. Jumamosi Mzee alikuwa amekivaa.

"Kimemkaa vizuri," mkamwana alisema, akamsukumia Bibi mto mgongoni bila kuambiwa.

"Kamba ya kushoto ndefu kidogo," Bibi alisema. "Macho yangu."

Katika sehemu ya kumi na mbili, Mzee alianguka. Roboti ilimbeba mpaka zahanati ya chombo, ikamvua viatu kabla ya kumlaza, ikaviweka sambamba chini ya kitanda, visigino ukutani. Bibi alisema hiyo ndiyo filamu sasa. Alisema angetoa vita vyote vya angani vya msimu mzima kwa viatu vile viwili.

Daktari wa chombo, mwanamke mwenye nywele fupi, aliinua picha ya mapafu kwenye mwanga.

"Umewahi kuvuta sigara, baba?"

"Hapana, daktari," Mzee alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza, na hawakuwa wamemtia sauti. Ilikuwa yake mwenyewe, na ilikwaruza.

"Hili ni vumbi," daktari alisema. "Vumbi la miaka mingi. Aliyekuacha ulivute alijua."

Akaandika kwenye karatasi, akatia sahihi. Kamera ikasogea karibu mpaka karatasi ikajaa kioo chote. Bibi alimwambia Kitinda aipige picha kwa simu, lakini Kitinda alikuwa ameshaipiga.

Jumatatu Bibi alikwenda ofisi ya vizazi na vifo na cheti mkononi na simu ya Kitinda kwenye pochi. Aliyempokea alikuwa karani mwanamke, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Viti vyote vilikuwa vimejaa, kwa hiyo karani alisimama akampa chake, akaitazama picha akiwa amesimama.

"Hii nimeiona, Bibi. Nyumbani kwangu tunatazama wote."

"Basi unajua ninachotaka. Pale palipoandikwa sigara paandikwe vumbi."

Karani alifungua jalada moja, akafungua la pili, akapitisha kidole kwenye majina.

"Huyu daktari hayumo kwenye orodha ya waliosajiliwa."

"Yuko mbali."

"Hilo ndilo tatizo. Na hapa inaonekana mgonjwa alipimwa baada ya kufa. Mfumo utakataa."

Bibi alipokea simu akairudisha kwenye pochi. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia, na baba yake akimpepea kwa cheti kipya.

"Wewe unaonaje, mwanangu? Wewe mwenyewe."

Karani alitazama mlango wa mkubwa wake. Ulikuwa umefungwa.

"Kwa maoni yangu mimi, ni vumbi," alisema. "Hata sikulala siku ile. Ila fomu haina nafasi ya maoni."

Akamshikia Bibi pochi, akamsindikiza mpaka barabarani, akamvusha. Bibi alimshukuru. Alipofika nyumbani alimwambia mkamwana kwamba ofisini kuna binti ana adabu sana, kisha akalala mchana, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Alhamisi Msimamizi alipiga hodi. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwomba, na soksi yake ya kulia ilikuwa imetoboka kidoleni. Alitaka kukaa kwenye kiti cha mbao. Bibi akamwonyesha kigoda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu."

"Vigae vimetulia hivi."

"Vimemeguka."

"Vimemeguka, lakini vimetulia." Msimamizi aliweka mikono magotini. "Mama, nimetumwa. Wakubwa wote wanatazama tamthilia ile. Mkurugenzi anatazama na wanawe. Sasa wanawe wanauliza maswali mezani."

"Watoto wana akili."

"Wanasema Mzee anakohoa mno. Wanaona kama anatia chumvi."

"Mzee? Mzee alikuwa anakula mboga chapwa miaka yote ile akaogopa kuniambia."

Msimamizi alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alikohoa kwa muda mrefu, ameinama, mkono kifuani. Bibi akaenda jikoni akamletea maji ya vuguvugu. Akanywa yote, akashika bilauri tupu kama mtu asiyejua aiweke wapi.

"Wanaomba uzungumze naye. Apunguze. Au asimame upande ambao kamera haifiki."

"Hanisikii, baba. Mimi ndiye ninayemsikia," Bibi alisema. "Fungua kabati."

"Ningekuwa na ufunguo, Mama..."

"Umeuvaa shingoni."

Msimamizi aligusa kamba iliyotokeza kwenye kola yake. Ulikuwepo.

"Ninao," alisema. "Lakini si wangu."

Alipokuwa akiondoka, Bibi alimwambia awahi kuonyesha kifua chake kwa daktari, na asimwone yule wa kiwanda. Msimamizi alisema ahsante, na kwamba yeye hata hivyo havuti sigara.

Lakini ujumbe ulifika, kwa namna yake. Katika sehemu iliyofuata, Mzee alisimama kwenye dirisha la chombo akatazama chini kwa muda mrefu, na wakubwa wa kiwanda walifanya kikao. Jumatatu tangazo lilibandikwa ukutani. Kuanzia wiki hiyo, kila Jumamosi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, wafanyakazi wote wavae barakoa, kwa kuwa inawezekana wanatazamwa.

Kitinda alikuwa zamu Jumamosi hiyo. Aliporudi, Bibi alikuwa ameshafuta vumbi la televisheni, na mkamwana alikuwa amemwekea maji ya kuoga.

"Saa kumi kamili tukavishwa," Kitinda alisema. "Msimamizi amesimama na saa mkononi kama refa. Saa kumi na moja akapita na boksi."

"Ulijisikiaje?"

Kitinda alifikiri.

"Kama mtu, Mama. Saa nzima."

Mkamwana alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na alisema vitunguu, ingawa hakukuwa na vitunguu.

"Acha kazi ile," alimwambia mumewe.

"Niende wapi? Najua kukata vigae."

"Kajifunze kingine."

"Nitajifunza," Kitinda alisema. Alikuwa amesema hivyo pia mwezi uliopita, kwa sauti hiyohiyo nzuri.

Bibi alipima mabaki ya pazia. Yalitosha kitambaa kimoja tu. Alikishona cha Kitinda, akamfunga mwenyewe Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama kwenye ngazi ya mlango ili amfikie. Jumanne Kitinda alirudi bila kitambaa. Alisema kuna mama mpya kwenye mashine ya pembeni, ana mimba ya miezi mitano. Bibi hakumgombeza. Alimpa sehemu yake ya mkate.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Kitinda kupumzika. Walikaa wote, kila mmoja mahali pake. Bibi alivaa miwani.

Sehemu hiyo ilianza kwenye chumba cha mitambo, na chumba kilikuwa kitupu. Mstari wote wa wafanyakazi ulikuwa umekwisha; walikufa mmoja mmoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, wala hakuna kijiji kilichotajwa. Aliyebaki alikuwa Mzee peke yake. Nahodha alisema kwa sauti ya mashine ya kupikia kwamba mitambo inahitaji mikono, na kwamba mikono imekwisha kuagizwa. Akaondoka, na mlango ukajifunga wenyewe.

Mzee aliweka chini brashi yake. Alifagia mahali pembeni yake, pakubwa kiasi cha mtu mmoja. Akaleta brashi ya pili, mpya, akaiegemeza ukutani. Kisha akatundika ovaroli ya kijivu kwenye msumari, akainyoosha mabega kwa kiganja, kama alivyokuwa akinyoosha sare za watoto asubuhi za shule. Kifuani ilikuwa na namba. Mia mbili kumi na nne.

"Namba yangu ya kazini ile," Kitinda alisema.

"Ndiyo," Bibi alisema.

"Wanaandaa mhusika mpya," Fundi alisema. Halafu akasikia alichokisema, akainamisha kichwa akatazama viganja vyake.

Mkamwana aliushika mkono wa mumewe. Hakuna aliyezima televisheni, kwa kuwa kuzima kusingeitoa ovaroli msumarini.

Mzee alisimama mbele ya nguo ile kwa muda. Kisha akapeleka mikono nyuma ya kichwa, akafungua kitambaa chake chenye maua ya manjano. Kamba ya kushoto ilimsumbua kidogo. Akakikung'uta, akakikunja mara nne kama Bibi alivyomfundisha kukunja, akakitia kwenye mfuko wa ovaroli mpya, akaupigapiga mfuko kwa mkono ili kikae. Akaokota brashi, akaendelea kusugua, uso mtupu.

"Bibi," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Unaionaje ya leo?"

Bibi alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Mzee amefanya vizuri," alisema. "Wenye hadithi ndio wabaya. Wangekuwa watu, wangeimalizia hapa."

Lakini mwishoni walitangaza kwamba kuna msimu mwingine. Fundi alirudisha kigoda ukutani, akaaga, akasimama mlangoni, akarudi kuokota kikombe chake akakiosha. Mkamwana alikwenda kulala kidogo. Kitinda alichukua ndoo na ovaroli yake ya Jumatatu, akaenda uani kuifua.

Bibi akabaki na kitambaa kibichi. Siku hiyo vumbi lilikuwa jingi. Lilikuwa limeshuka mezani, limefika mpaka kwenye kiti cha mbao. Alilifuta taratibu, kiti kwanza. Kiwandani, wakati huo, Msimamizi alikuwa akipita na boksi, na zamu iliyokuwepo ilikuwa ikivua barakoa na kuzitumbukiza. Uani maji yalimwagika, kamba ikavutwa, kisha Bibi akamsikia mwanawe akikohoa. Alisimamisha mkono akasubiri kiishe. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na dakika kumi, jioni.